Neno yenye ulisema mbele ya sanduku

Ruashi, Lubumbashi
Siku ya kwanza kisha Pasaka, tarehe 21 mwezi wa ine 2025

Mpendwa shemeji Lévi,

Jambo sana, weye na Cathy bibi yako. Mugongo yako iko namna gani? Baridi ilisha kupunguka kule Bruxelles? Mara ya mwisho ulisema unalala na soksi mbili. Miye niko muzima. Bega ya kuume inauma, lakini ile ni bega ya kubeba mifuko, haiko bugonjwa. Kyakimwa, mutoto wetu, naye iko muzima. Anakula, anasoma, anacheka kidogo.

Sijue kuandika sana, unajua. Niliachia mu mwaka wa ine ya primaire. Ukikuta makosa, songa mbele.

Usishangae kuona karatasi. Ku WhatsApp ni Kyakimwa njo anaandikaka maneno yangu yote, na hii maneno hapashwe kuiona. Ku telefone nilijaribu mwezi wa tatu. Uliniuliza kama nakuzarau, kisha ulikata. Karatasi hauwezi kuikata. Namupatia Mama Claudine, ule anauzishaka bitenge pa soko yetu. Anapanda avion siku ya tatu ya wiki hii, tarehe 23. Aliapa atakuwekea mu mukono.

Habari ya Vital, kaka mukubwa wangu, kwanza. Tangu Goma ianguke mwezi wa kwanza, anatuma neno moja moja. Banki zilifungwa. Duka yake ya maharagi ilivunjwa, bantu balibeba mpaka milango. Sasa wiki tatu sijasikia sauti yake. Neno ya mwisho alisema beko bazima, banalala kwa bantu. Yeye njo alikuwa alipe tiketi ya avion ya Kyakimwa. Sitaki hata kumukumbusha.

Huku masasi ya bunduki hakuna. Lakini kazi ilikufa. Serikali ilikataza kutosha cobalt mu inchi kupeleka inje, na patron wetu wa depo ya kununua mawe ya shaba na cobalt alitia kufuli mwisho wa mwezi wa pili. Sasa nashusha bunga ya Zambia mu ma-camion, kwa bacommerçant ba kuuzisha bunga, bantu betu ba Butembo. Siku kuko camion, natumika. Siku hakuna, naikala pa mulango ya magasin na benzangu, tunaangalia barabara. Mumoja anasema vita itafika na huku. Mwingine anasema hapana. Sijue. Nalala mubaya.

Shemeji, sasa niingie.

Tarehe 30 mwezi huu, siku ya tatu ya wiki, Kyakimwa anapashwa kujibu. Ma-université mbili balimukubali, zote ni master ya finance. Moja ni ile ya kwako Bruxelles, ile ya vioo, yenye ulitutumia picha yake. Ingine iko Ufaransa, mu kamuji kadogo ka milima. Haina jina kubwa. Akijibu moja, ingine inapotea.

Atajibu ile ya Bruxelles. Na yeye haitaki. Njo maana naandika.

Ukimuuliza, atakuambia anaitaka. Hata miye ananiambia vile. Ni juu ya neno yako.

Unakumbuka kilio ya Espérance dada yako. Ulikuya na avion, ulifika sanduku iko bado mu kiwanja, haijafungwa. Uliweka mukono pa kichwa ya Kyakimwa, bantu bote banasikia. Ulisema: "Dada, lala. Mutoto wako atasoma kwangu, ataikala mu nyumba yangu. Miye njo mama yake sasa." Mi nililia. Ilikuwa neno muzuri. Ile siku sikuwa na kintu ingine ya kushika.

Lakini ilisemwa mbele ya maiti. Kwetu unajua. Neno ya mbele ya sanduku haiko sawa neno ya pa meza. Kyakimwa anaibeba vile. Nilimuambia, mutoto, ni weye utasoma, haiko mujomba wako. Alinijibu polepole: "Papa, mama alisikia." Kisha alikamata bidon, alienda kuteka mayi.

Wiki mbili nilitafuta neno ya kumurudishia. Kisha nilikamata karatasi.

Sasa nikuelezee kwa nini milima. Utasema miye Ézéchiel sijue masomo, najua mifuko. Ni kweli. Basi nitakuelezea na mifuko.

Unajua nilikuwa natumika nini pa depo. Muchimbaji akileta mufuko ya mawe na udongo, ule wa juu unangaa sana. Aliuweka pale kwa kudanganya macho yako. Mi sikuchukua ule wa juu. Natia bomba mpaka chini, mara tatu, pembeni na katikati. Nachanganya na pelle ya kuchota udongo, nafanya kakilima, nakata mafungu ine. Mbili natupa, mbili nachanganya tena. Vile, vile, mpaka inabaki ya kujaza mukono. Ile njo napeleka ku mashini. Mashini inasema teneur, ni kusema shaba ngapi iko mu udongo. Banaandika namba na tarehe pa kakaratasi, na patron analipa muchimbaji kufwata ile namba.

Tule tukaratasi nilikuwa nabeba ku nyumba kuwashia mbabula ya makala. Espérance alikataa. Alisema karatasi yenye tarehe haichomwe. Alikuwa anaiweka mu mukebe ya maziwa. Miaka saba. Mi nilimucheka.

Mwaka jana Kyakimwa, kule ku université ya Kasapa, alikuwa anatafuta kintu ya kuandikia mémoire, kile kitabu ya kumaliza masomo. Alifungua mukebe ya mama yake. Aliingiza yote mu kompyuta, ordinateur ya mwenzake, wiki na wiki. Kisha anakuya kuniambia, Papa, siku ya tano teneur inashuka. Kila vendredi, miaka yote saba. Nilicheka. Nilimuambia udongo haujue siku ya tano. Alisema, "Njo vile, Papa. Udongo haujue. Patron njo anajua."

Bachimbaji siku ya tano banataka makuta mbio, feza ya kupitisha mwisho wa wiki. Habawezi kubishana. Mutu alikuwa anagusa mashini.

Na miye njo nilikuwa napeleka échantillon, ule udongo wa kujaza mukono. Miaka saba, kila siku ya tano, na mikono hii. Sikuona kintu. Yeye aliona mu mukebe.

Ile njo kazi anataka kufanya, shemeji. Anaiita recherche quantitative. Kuchukua bei ya miaka mingi, ya shaba, ya mafuta, ya makuta ya inchi ingine, na kutafuta na hesabu nini inazisukuma, na nani anagusa mashini. Haiko kuikala mu banki na kusalimia ba-client. Weye unawazaga ni banki. Na mi niliwaza vile.

Mutale, wa kubeba naye bunga, anatuchekaka. Anasema, "Papa Kyakimwa, weye unabeba bunga, mutoto wako atabeba namba. Namba iko na kilo ngapi?" Nilimuambia haina kilo, njo maana bega yake haitauma. Alicheka mpaka alikaa chini. Lakini kisha aliniuliza kama ile kazi iko kweli, ao ni bantu ba Ulaya banakula makuta ya bazazi. Sikulala ile siku.

Kwa hiyo nilifanya sawa ku depo. Nilimuambia Kyakimwa anisomee kile banafundisha, kote kubili, polepole. Ya vioo: kuongoza bantu, kusema mbele ya bantu, kujua ginsi kampuni inaendeshwa, safari ya wiki moja Dubai. Hesabu iko, moja, pa mwanzo. Ya milima: probabilité, statistique, kuandika programme ya ordinateur, kisha tena statistique. Nilisinzia. Mwisho ni miezi sita ya kutumika mu kampuni yenye inafanya ile recherche.

Ya vioo inaandika mu brochure, kakitabu yake: mu bantu mia moja, tisini na sita banapata kazi. Nilisema abaulize, kazi gani? Mu ile tisini na sita, ni ngapi banafanya ile anataka yeye? Aliandika mara mbili. Balimutumia tena ile ile brochure.

Ya milima balituma liste ya benye balimaliza mwaka jana. Beko kumi na moja tu. Saba banafanya ile kazi. Babili banaendelea kusoma. Babili habajapata kintu. Baliandika vile, bila kuficha. Muchimbaji mwenye anakuonyesha na mawe ya bure mu mufuko yake, ule mi naaminiaka.

Tena kintu ingine. Ya vioo ilimuomba video ya dakika mbili, acheke, aseme ndoto yake. Alifanya, alivaa robe ya Espérance. Habakumuuliza kintu juu ya mukebe.

Ya milima, ni professeur mwenyewe alimuita ku ordinateur, mwezi wa pili. Mi nilikuwa nyuma, pa kiti, nachagula maharagi. Ni muzee, nywele zinasimama sawa hajue kuzichana. Anauliza, Kyakimwa anajibu, Français inaenda mbio, mi nachagula. Kisha aliuliza kintu yenye mutoto hajue. Aligeuka. Alisema: "Papa, kuya. Anataka kujua munachukuaka udongo fasi gani ya mufuko."

Shemeji, nilisimama pale mbele ya ordinateur na maharagi mu mukono. Nilielezea. Bomba, chini, mara tatu, mafungu ine. Mutoto anageuza mu Français, ule muzee anaandika. Kisha aliniangalia miye, haiko mutoto, aliuliza: na kama mufuko ililowa mayi? Nilisema nakausha kwanza pa bati. Alitingisha kichwa. Alisema merci, monsieur.

Miaka makumi mbili nabeba mifuko. Hakuna mutu alisha kuniuliza ile.

Kisha pale Kyakimwa alienda kufula manguo na alikuwa anaimba. Tangu mama yake afe sikuwa nimesikia. Wiki ingine ulituma picha ya chumba, kitanda mupya, rideau ya bluu pa dirisha. Aliangalia ile picha kwa murefu. Alisema mujomba ni mutu muzuri. Hakuimba tena mpaka leo.

Usiwaze siogope. Naogopa kote kubili. Ulisema jina kubwa njo inafungua milango, na kampuni haiangalie mukebe, inaangalia jina. Pengine uko na haki. Njo inanisumbua. Ku milima hana mutu. Akigonjwa, nani atamupikia? Kama bantu banamupigia telefone juu ya miye, ao juu ya vita, atalia na nani? Visa ni Kinshasa, na Kinshasa ni avion, na balozi ya Ufaransa sijue mulango yake. Kwako kuko chumba, kuko Cathy, kuko kanisa yenu. Asubui ingine naamuka nasema, aende tu kwa Lévi, ikwishe. Kisha nakumbuka ile "Papa, kuya".

Makuta siseme mingi. Ya milima balimuachilia malipo ya masomo. Ya vioo ulisema utakopa ku banki. Na mugongo yako ile. Naishia pale.

Kile naogopa sana ni hii: huku kwetu sasa mutu anatoka mu inchi mara moja tu. Akikosea, hakuna kurudia kuanza. Vital alijenga miaka makumi tatu, ilikwisha mu siku moja. Kyakimwa akipitisha miaka mbili mu fasi yenye haimufundishe kintu anatafuta, atakuwa na manguo muzuri ya ofisi na njaa ya roho. Atakushukuru kila Noeli. Na hautajua.

Mwezi wa tatu ku telefone nilikosea. Nilisema mutoto ni wangu. Haiko neno ya kumuambia kaka ya mama yake. Unisamehe. Najua ulisha kuelezea bantu ba kanisa kama anakuya. Najua Cathy njo alishona ile rideau. Nakuomba kintu ya nguvu, najua.

Mi siwezi kuondoa neno yako. Sikuisema miye. Pasta naye hawezi. Ni weye tu, na inapashwa kusikiwa na ule mwenye alisikia ya kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ya Mungu inakuya, tarehe 27, saa tatu ya asubui. Sasa saa ya kwenu na ya kwetu ni moja, Kyakimwa alinielezea. Nitakuwa pa kaburi ya Espérance pamoja naye. Nilimuambia tunaenda kupaka musalaba rangi. Haiko bwongo, mvua iliondoa rangi yote. Hata hii barua, nilimuambia nakuandikia juu ya musalaba. Aliuliza kwa nini inapita karatasi tatu. Nilisema ni musalaba mukubwa.

Telefone itakuwa mu mufuko ya shati, batri imejaa moto. Piga. Nitaweka haut-parleur, bote basikie, nitaiweka pa kaburi. Sema na dada yako kwanza. Kisha sema na mutoto. Sikuombi kusema bwongo, usiseme uliota ndoto. Muambie chumba inabaki yake, ya Noeli, ya vacances, ya siku yenye amechoka. Lakini masomo achague yeye. Ni ile tu. Usitaje jina yangu.

Na miye nitashangaa. Nitakuuliza, eh, Lévi, na kile kitanda ulisha kununua? Nitakasirika kidogo juu yako. Nitafanya muzuri, utasikia.

Kama unaona nimepotea, kama kuko kintu juu ya milima unakijua na mi sikijue, piga mbele ya ile, siku ya sita tarehe 26, mangaribi, pa namba ya magasin. Mama Claudine anayo. Mutale ataniita. Nitasikiliza mpaka mwisho. Sitakata.

Salimia Cathy sana. Kapenta, tule tusamaki, mu furoshi ya bluu yenye Mama Claudine anabeba, ni yake, muambie akaushe tena mbele ya kukaanga. Salimia mutoto wenu Dan, jezi yake ya Mazembe iko chini ya kapenta, itanuka kidogo. Benzangu ba magasin banakusalimia, hata benye habakujue. Mukisikia neno ya Vital kule mbele yetu, mutuambie mbio.

Mungu achunge mugongo yako na nyumba yako. Akupatie sauti ile siku, sawa alikupatia ile ya kilio.

Telefone isipolia, tutapaka musalaba, tutarudia ku nyumba, na siku ya tatu, tarehe 30, atajibu ya Bruxelles. Sitakulaumu, shemeji. Lakini nitaacha telefone pale juu ya kaburi mpaka rangi ikauke.

Ni miye mwenye kukupenda hata ukinikatia,
shemeji yako Ézéchiel, bwana ya dada yako